Sodiamu hukataa kinywe, hukubali kifuu

Kwa miaka kadhaa sasa Tanzania imekuwa ikijivunia kinywe (grafiti) chake. Miamba ya Mahenge mkoani Morogoro na ya Ruangwa mkoani Lindi ina madini haya meusi kwa wingi wa kuiweka nchi miongoni mwa zenye akiba kubwa duniani. Hoja inayorudiwa kila mkutano ni moja: betri ya lithiamu, iwe ya simu au ya gari, ina kinywe upande wake hasi, kwa hiyo wanunuzi watakuja tu. Kwa betri za leo hoja hiyo ni sahihi. Ila kuna betri nyingine inayoingia sokoni, ya sodiamu, na hiyo kinywe chote cha Mahenge haina kazi nacho. Inataka kaboni ya namna nyingine, inayopatikana vizuri kwenye vitu ambavyo Dar es Salaam tunavitupa au kuvitia jikoni: vifuu vya nazi, maganda ya korosho, pumba za mpunga.

Ndipo zilipoanzia habari za "betri za nazi" zinazozunguka kwenye simu zetu. Nyingi zina chembe ya ukweli iliyofunikwa na chumvi nyingi. Hakuna betri ya nazi. Kuna betri ambayo sehemu yake moja, unga mweusi wa upande hasi, inaweza kutoka kwenye kifuu. Kati ya kifuu na unga huo pana safari ndefu, na safari hiyo ndiyo inayofaa kuelezwa.

Betri ya kuchaji kazi yake ni kupeleka ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, na kuzirudisha. Ukiichomeka kwenye umeme, ioni hutoka upande chanya, hupita katika kimiminika kilicho katikati na kwenda kujihifadhi upande hasi. Ukiwasha pikipiki ya umeme zinarudi zilikotoka, na elektroni, kwa kuwa haziwezi kupita kwenye kile kimiminika, huzunguka kwa njia ya waya. Huo ndio umeme unaosukuma gurudumu. Upande hasi basi unadaiwa mambo mawili makubwa: ubebe ioni nyingi kwa uzito mdogo, na uzipokee na kuziachia mara maelfu bila kubomoka.

Kinywe huitendea lithiamu hivyo kwa ustadi mkubwa. Ni tabaka juu ya tabaka za kaboni, zilizonyooka, zenye nafasi ya nanomita 0.335 kati ya moja na nyingine. Lithiamu hupenya hadi kila atomi sita za kaboni ziwe zimepokea moja ya lithiamu, na hapo gramu ya kinywe inakuwa imebeba mAh 372, zile mAh tunazozisoma kwenye betri ya simu.

Sodiamu ni ndugu wa lithiamu kwenye jedwali la elementi, na kwa wingi haina mfano. Imo kwenye chumvi ya bahari, imo kwenye magadi ya Ziwa Natron na Engaruka. Betri yake ina nafuu nyingine isiyotajwa sana: inaruhusu karatasi ya alumini pande zote mbili, wakati ile ya lithiamu hulazimika kutumia shaba upande hasi. Kikwazo kilikuwa kinywe. Sodiamu hugoma kuingia humo. Kile kidogo kinachoingia hakifai kitu.

Maelezo ya haraka utakayopewa ni kwamba ioni ya sodiamu ni nene mno. Ni kweli inaizidi ya lithiamu unene kwa takriban theluthi moja. Lakini ya potasiamu ni nene kuliko zote mbili, na bado huingia kwenye kinywe bila taabu! Unene peke yake hauwezi kuwa jibu. Kisa hasa ni nishati. Ili ioni iingie, tabaka lazima zitanuke, na kutanuka kuna gharama. Lithiamu na potasiamu, kila moja kwa njia yake, zikishikamana na kaboni hupata faida inayozidi gharama hiyo. Sodiamu hubaki na hasara, na maumbile hayafanyi biashara ya hasara.

Ufumbuzi ulikuwa umeshaandikwa kabla mtu yeyote hajaziwazia betri hizi. Mwaka 1951 Rosalind Franklin, mwanasayansi Mwingereza ambaye baadaye picha zake za eksirei zilisaidia kufichua umbo la DNA, alichapisha utafiti kuhusu kaboni zinazopatikana kwa kuchoma vitu mbalimbali bila hewa. Alionyesha kuwa ziko za jamii mbili. Moja ukiichoma hadi karibu nyuzi joto 3,000 za sentigredi hujipanga na kuwa kinywe. Nyingine hata ukiifikisha huko haigeuki: hubaki vipande vidogo vya tabaka vilivyokaa shaghalabaghala, na vijitundu katikati yake. Hii ya pili ndiyo leo huitwa kaboni ngumu.

Kinywe ni karata zilizopangwa ndani ya kasha lake. Kaboni ngumu ni karata hizo hizo zimemwagwa sakafuni, mbili tatu zimelaliana hapa, nyingine zimesimama kwa kuegemeana pale. Mfano huu si wangu. Ni wa Jeff Dahn na mwenzake Stevens wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, ambao mwaka 2000 walichoma sukari ya glukosi mpaka ikawa kaboni ngumu, wakaipitishia sodiamu, wakapata takriban mAh 300 kwa gramu. Katika vurugu ile nafasi kati ya tabaka hufika nanomita 0.37 hadi 0.40, kwa hiyo sodiamu hailazimiki kuzitanua. Na kwenye vijitundu hujikusanya kwa vishada. Lipi hutangulia, kuingia kati ya tabaka au kujaza vijitundu, wataalamu bado wanalumbana, na majarida yao yamejaa michoro inayopingana. Mwenye pikipiki hana haja ya kusubiri wamalize.

Kwa nini basi mimea? Lami na mabaki ya petroli ukivichoma bila hewa huyeyuka kwanza. Molekuli zikiwa majimaji hupata nafasi ya kugeuka na kulala sambamba, na zikiendelea kupata moto ndio mwanzo wa kinywe. Kifuu hakiyeyuki. Lignini na selulosi yake (vitu vinavyoujenga mwili wa mmea) zimefungamana kila upande, oksijeni ikiwa kiungo, na moto ukizifikia hukakamaa pale pale zilipo. Mpangilio wa mmea wenyewe unabaki ndani ya kaboni. Kifuu kina sifa ya ziada: lignini nyingi, uzito mzuri, na majivu machache, mara nyingi karibu asilimia moja au chini yake. Ndiyo maana kampuni ya Kuraray ya Japani, yenye uzoefu mrefu wa kaboni za vifuu, imo pia kwenye biashara ya kaboni ngumu ya mimea kwa ajili ya betri.

Hapa mchoma mkaa wa Kisarawe anaweza kuuliza: kwani mimi natengeneza nini kila siku? Anatengeneza kaboni, ndiyo, lakini iliyoishia njiani. Tanuri la udongo kwa kawaida hucheza kati ya nyuzi 400 na 600. Mkaa wa joto hilo bado una hidrojeni na oksijeni za kutosha, na kwa umeme ni karibu sawa na ubao. Gusa vipande vyake kwa ncha mbili za mita ya fundi umeme uone inavyosomeka. Ukipandisha joto kutoka 600 hadi 900, ukinzani wake, yaani ugumu wa kupitisha umeme, huporomoka mara maelfu, kwa sababu vipande vya tabaka huanza kugusana na elektroni hupata njia. Kaboni ngumu ya sodiamu hutaka zaidi ya hapo: nyuzi 1,200 hadi 1,500, ndani ya tanuri lenye naitrojeni au argoni tupu. Hewa kidogo tu ikipenya kwenye joto hilo, utafungua mlango ukute majivu.

Joto hilo kubwa lina kazi nyingine ambayo habari za mtandaoni huikosea kila mara. Wanaandika kwamba kaboni ya mimea ni nzuri kwa sababu "ina matundu mengi". Kwa betri ya sodiamu, matundu yaliyo wazi ni balaa. Mara ya kwanza betri inapochajiwa, kimiminika huvunjika kidogo kila kinapogusa kaboni na kuacha utando mwembamba. Utando huo unahitajika, lakini sodiamu iliyotumika kuujenga hairudi tena. Uso ukiwa mpana na wenye vinyweleo, theluthi ya sodiamu yote inaweza kupotea siku ya kwanza. Kaboni iliyochomwa vizuri hupoteza karibu asilimia 10, au pungufu. Joto hufunga midomo ya vijitundu na kuviacha vitupu ndani: kimiminika hakiingii, sodiamu inaingia. Ukizidisha, tabaka nazo huanza kubanana na nafasi uliyoitafuta inapotea. Kati ya kupungua na kuzidi pana ukanda mwembamba tu, na kila aina ya malighafi ina wake.

Matundu wazi yana wapenzi wake kwingine. Kuna betri ya lithiamu na salfa, inayotajwa sana kwa kuwa salfa ni ya bei rahisi na gramu yake moja kwa nadharia hubeba mAh 1,675. Salfa haipitishi umeme, huvimba kwa karibu asilimia 80 inapopokea lithiamu, na mbaya zaidi, katikati ya safari hugeuka viunganishi vinavyoyeyuka kwenye kimiminika na kuhamia upande wa pili. Betri inakonda yenyewe. Dawa mojawapo ni kuifungia salfa ndani ya kaboni yenye vinyweleo vingi, ili ipate umeme na isitoroke kirahisi. Hapo hutakiwa mkaa amilifu, yaani uliochomwa tena kwa mvuke au kwa potasiamu haidroksaidi mpaka ukatobokatoboka. Gramu moja inaweza kuwa na uso wa mita za mraba zaidi ya 1,000. Kwa hiyo kifuu kimoja, kwa mapishi mawili tofauti, hutoa vitu viwili vinavyopingana. Anayekuambia amepata "kaboni ya betri" bila kutaja betri gani hajakuambia kitu. Na betri ya salfa yenyewe bado inasumbuliwa na maisha mafupi; mkaa huu umefanikiwa zaidi kwenye supakapasita, zile za kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, ambako kaboni ya vifuu ni bidhaa ya kawaida ya kiwandani.

Pumba za mpunga ni kisa cha tatu. Majivu yake ni asilimia 15 hadi 20, na karibu yote ni silika, madini yale yale ya mchanga. Kwa kaboni ngumu huo ni uchafu wa kuoshwa kwa magadi makali. Lakini silika hiyo unaweza kuigeuza silikoni kwa msaada wa magnesi, na silikoni hubeba lithiamu karibu mara kumi ya kinywe. Mwaka 2013 makundi ya watafiti yalionyesha njia hii kwa kutumia pumba. Silikoni huvimba mno ikipokea lithiamu, hivyo huchanganywa na kaboni ili isijipasue. Kwetu pumba hubaki zinakokobolewa, Ifakara, Mbarali, Kahama, ambako wenye tanuri za matofali wameshazizoea. Dar hupokea mchele tu.

Turudi kwenye kifuu na tupige hesabu, maana hapa ndipo watu hupotezana. Chukua pikipiki ya umeme yenye betri ya kilowati-saa 3, yaani yuniti tatu za LUKU. Ikiwa ya sodiamu, yenye volti 3.1 hivi kwa kila seli na kaboni ya mAh 300 kwa gramu, itataka kilo 3.2 za kaboni ngumu. Ongeza upotevu wa siku ya kwanza, weka kilo 4. Kifuu kikavu cha nazi iliyokomaa nakikadiria kuwa na gramu 150, na baada ya kuchomwa hadi nyuzi 1,300 hubaki robo au moja ya tano. Zinatoka nazi 100 hadi 130 kwa pikipiki moja. Mama lishe anayekuna nazi tano kwa siku anafikisha idadi hiyo ndani ya mwezi. Wingi, basi, si tatizo kubwa kama inavyodhaniwa. Dafu halimo kwenye hesabu hii: lile tunalokatiwa na muuza madafu wa baiskeli barabarani kifuu chake hakijakomaa.

Tatizo ni kwamba vifuu hivyo viko kwenye majiko elfu moja tofauti. Vingine vina mchanga wa uani, vingine chumvi, vingine vimelowa na kuota ukungu. Na havikai bure: hutumika kuwashia moto, na watengenezaji wa mkaa mbadala wanavisaka, hasa baada ya serikali kuzitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa kufikia Januari 2024. Kuviita taka ni kuwasahau wanaovitumia. Minazi nayo ya pwani, kutoka Mkuranga hadi Bagamoyo, mingi imezeeka, na maradhi yameiteketeza kwa miongo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni kimepambana nayo kwa muda mrefu.

Maganda ya korosho yana mkasa wake. Yangekuwa yamerundikana kiwandani Mtwara, tayari kwa kuchukuliwa, lakini sehemu kubwa ya korosho zetu huondoka ghafi kwenda India na Vietnam, ganda likiwa juu yake. Tunasafirisha kaboni bila kuilipisha. Zile chache zinazobanguliwa hapa zina mafuta yanayounguza ngozi, ambayo wakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyachunguza kwa miaka mingi, na lazima yakamuliwe kwanza.

Halafu inakuja kuosha. Mmea hufyonza potasiamu, kalsiamu na chuma kutoka ardhini, na madini hayo yakibaki kwenye unga huchochea kimiminika kuvunjika na kuyumbisha ubora. Kwa hiyo unga huoshwa kwa asidi ya haidrokloriki, kisha kwa maji safi mengi. Maji yale yakitoka kiwandani yanakwenda wapi? Katika jiji ambalo Mto Msimbazi umeshabeba kila kitu, mradi usiojibu swali hilo kabla ya kuomba eneo si wa kusikilizwa, hata ukijiita wa kijani namna gani. Unyevu ni adui mwingine: baadhi ya kemikali za upande chanya wa betri ya sodiamu huharibika zikikaa kwenye hewa yenye mvuke, na hewa ya Dar mwezi Machi sote tunaijua. Kiwanda cha seli hapa kingelipa bili kubwa ya kukausha hewa tu.

Je, soko lenyewe lipo? Lipo, na linayumba. Mwaka 2021 kampuni ya CATL ya China ilitangaza seli za sodiamu za wati-saa 160 kwa kilo, zinazokaribia zile za bei nafuu za lithiamu na chuma. Wakati huo lithiamu ilikuwa inapaa. Mwishoni mwa 2022 tani ya kaboneti yake ilivuka dola 70,000. Kufikia 2024 ilikuwa imeshuka chini ya dola 15,000, na faida kuu ya sodiamu ikapungua nayo. Northvolt ya Uswidi, iliyotangaza seli zake za sodiamu zenye kaboni ngumu mwaka 2023, ilifilisika Machi 2025, ingawa matatizo yake yalikuwa mapana kuliko sodiamu. Wachina wameendelea. Wauzaji husifu kwamba betri hizi hustahimili baridi kali ya chini ya sifuri; kwa bodaboda wa Mbagala sifa hiyo haina maana yoyote. Yeye atauliza bei, idadi ya chaji, na kama inavumilia joto.

Kwa maoni yangu Dar haina sababu ya kuanza na unga wa betri. Soko la kaboni ya vifuu liko ndani ya nchi, na ni la dhahabu. Geita, Chunya na kwingineko, dhahabu iliyoyeyushwa kwa sayanaidi hunaswa kwa mkaa amilifu, na mkaa unaopendelewa duniani kwa kazi hiyo ni wa vifuu vya nazi, kwa sababu ni mgumu na hausagiki ovyo ndani ya tangi. Wachimbaji wadogo wenye mitambo ya elusheni (ya kuitoa dhahabu kwenye mkaa) wanaujua vizuri. Huuita kaboni tu. Wauzaji wakubwa duniani ni nchi za nazi kama Sri Lanka, India na Ufilipino. Kuutengeneza kunahitaji nyuzi 800 hadi 1,000 na mvuke, joto ambalo tanuri la chuma linaweza kulifikia kwa kuchoma gesi inayotoka kwenye vifuu vyenyewe. Kosa dogo la ubora halikufukuzi sokoni.

Mtu akishaweza kazi hiyo atakuwa tayari amejifunza mambo magumu ya ile nyingine: kukusanya vifuu vikavu kwa mkataba, kuvichambua, kupima majivu ya kila shehena, na kuzuia hewa isiingie kwenye tanuri. Kitakachobaki ni kupanda kutoka nyuzi 1,000 hadi 1,300, kuosha kwa asidi, na kusaga hadi chembe za maikromita chache. Sampuli ya kilo moja inatosha kupeleka kwenye maabara yenye vifaa vya kujaribia seli ndogo za mfano wa betri ya saa. Mnunuzi ataisoma ripoti kwa mpangilio wake: majivu, eneo la uso, upotevu wa chaji ya kwanza, na kama sampuli ya nazi za Mafia inafanana na ya nazi za Pangani.